Kizibo cha Uzi wa Kijani

Juu ya kioo cha mbele cha lori la Ismaili yalikuwa yameandikwa, kwa rangi nyekundu, maneno ambayo Rumonge nzima iliyajua kwa moyo: HATUBURUZI, TUNABEBA. Zipora aliyasoma akiwa bado amesimama getini, akatoa daftari na kuyanakili. Miaka kumi na mmoja ya kupeleleza madai ya asuransi, yaani bima, ilikuwa imemfundisha kwamba mtu anayejisifu kwa rangi nyekundu ama anasema kweli tupu, ama hajui watu wake wanafanya nini akiwa amelala. Ismaili hakuonekana mwongo, kwa hiyo Zipora aliingia uani akiwa na hamu ya kuwajua watu wake.

"Karibu, madamu, karibu kabisa," alisema Ismaili. Alikuwa mzee mfupi mwenye baraghashia nyeupe na mwendo wa haraka, na kampuni yake ndiyo iliyokuwa ikiokoa magari yaliyokwama pwani yote ya ziwa, toka Rumonge mpaka mpakani. "Kunywa chai kwanza. Kesi haikimbie."

"Kesi haikimbii, mzee, lakini Mkurugenzi wangu anakimbia. Ripoti anaitaka mezani kwake Bujumbura kesho kabla ya saa sita."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Jumanne mchana, Probox ya mama mmoja aitwaye Kadidja ilipasuka mpira wa maji ya rejeta ikiwa Kigwena, kilomita kumi na kitu kusini mwa mji. Kadidja aliita kampuni ya Ismaili, akawaachia ufunguo garini, akawatafutia abiria wake gari jingine na kuondoka nao. Jioni Probox ilifikishwa gereji. Fundi alibadilisha mpira ule kwa nusu saa, akawasha injini, injini ikaitika vizuri, ila gari halikusogea hata unyayo mmoja. Giaboksi ilikuwa imekufa. Kadidja alidai imeuliwa njiani na Ismaili alidai waliipokea ikiwa maiti.

Ismaili alikuwa amekatia kazi zake asuransi, na asuransi hiyo ndiyo iliyomwajiri Zipora. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na fomu yenye visanduku viwili. Cha kwanza kilisema hitilafu ilikuwapo kabla, na hapo Kadidja angebaki na gari lake bovu. Cha pili kilisema hitilafu ilitokea mikononi mwa mbebaji, na hapo asuransi ingetengeneza. Mkurugenzi alikuwa shabiki mkubwa wa kisanduku cha kwanza, na hakuwahi kulificha hilo.

"Asmani," Ismaili aliita. "Kuja uonyeshe madamu ile picha."

Asmani, dereva wa lori, alikuwa mtu wa miaka kama thelathini na mitano, mwembamba, mwenye uso wa mtu anayependa kuchekesha watu harusini. Alitoa simu. Picha ilionyesha pua ya Probox, pembeni yake jiwe la kilomita, na chini ya bampa, juu ya lami, matone mekundu yanayong'aa.

"Shefu alituwekea sheria," alisema. "Kila gari, piga picha mbele hujaigusa. Ona ile nyekundu, madamu. Iko mafuta ya bwate."

"Giaboksi ya otomatiki mafuta yake ni mekundu," Ismaili aliongeza kwa masikitiko ya kweli. "Ilikuwa inavuja mbele hatujafika. Namuhurumia yule mama, lakini ona mwenyewe."

Zipora aliona mwenyewe, na alichokiona hakikumfurahisha. Picha ilikuwa nzuri. Jiwe lilikuwa la Kigwena kweli, saa ilikuwa imeandikwa pembeni, na wekundu haukuwa na shaka. Picha kama ile ingemtosha Mkurugenzi kwa chai na kwa chakula cha mchana.

"Uliipeleka gereji vipi?" alimuuliza Asmani.

"Juu ya plato hii ya nyuma ya lori. Niliishusha plato, nikaivuta na kebo mpaka juu, nikaifunga minyororo."

"Plato ilikuwa na mzigo mwingine?"

"Plato ya gari moja itabeba nini ingine, madamu?"

"Picha inasema saa nane na robo. Gereji ulifika saa ngapi?"

"Kwenye saa kumi na moja."

"Saa tatu kasoro, kwa kilomita kumi na kitu."

"Kupakia kunataka pole pole. Na nikafika nikaiosha."

"Uliiosha?"

"Ilikuwa na vumbi. Mie niko mutu wa usafi."

Zipora alilitazama lori lenyewe. Juu ya bampa lake vumbi lilikuwa limelala nene kiasi kwamba mtu angeweza kupanda maharage. Aliandika neno "aliosha" na kulipigia mstari.

Maharage yenyewe hayakuwa mbali. Ismaili hakukubali mgeni aondoke na chai tupu. Alipakua sahani kutoka kwenye sufuria iliyokuwa jikoni pale pale ofisini, kisha akainama chini ya frigo na kuvuta dumu la njano lililobaki nusu. Alichomoa kitambaa cha kitenge kilichozibia mdomo wake, akamimina mawese kidogo juu ya maharage, mekundu na mazito. Kipande cha uzi kilichokatika kilining'inia kwenye mshikio na kugusa ukingo wa sahani.

"Mawese ya zawadi," alisema, "hayaishe utamu."

Zipora alikula yote. Kazi ya upelelezi haikatazi kula.

Gereji ya Jafari ilikuwa nyuma ya soko, na Kadidja alikuwa ameketi juu ya tairi katikati yake akiwa amelikabili gari lake. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa, ila asubuhi hiyo aliongea chini chini, na hilo ndilo lililomgusa Zipora.

"Madamu, miaka munane nilibeba beseni ya ndagala za ziwa kwa kichwa, toka Kabonga. Munane. Hii gari ndiyo ilinitua lile beseni. Sasa nyinyi mukisema ilikuwaka mugonjwa, mie narudia beseni. Na shingo yangu haiko tena ya miaka ishirini."

"Bado sijasema kitu, dada. Kabla ya Jumanne ilikuwa inatembea vipi?"

"Kama maji. Uliza watu wa Kabonga. Asubuhi ile nilipanda nao vilima vyote, watu watano na mizigo yao."

Zipora alimgeukia fundi. Jafari alikuwa na mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, na nyuma yake, juu ya meza, ilikuwa imelala giaboksi iliyofunikwa kwa gunia. Zipora aliiona tangu anaingia. Fundi mwenye giaboksi ya kuuza hupenda sana giaboksi za wengine zife. Alilifunua gunia bila kuomba ruhusa.

"Hii ya nani?"

Jafari alicheka. "Madamu, hiyo iko ya Hiace. Na iko ya manueli, ona kilachi yake. Ukiiweka kwenye Probox otomatike, ni kama kumuvisha mbuzi suruali."

Zipora aliitazama, akaona kweli, akafunika gunia. Njia moja ilikuwa imefungwa, na hakuijutia.

"Nieleze, basi. Giaboksi ya otomatiki inakufaje ghafla?"

"Iko njia moja ambayo naijua mie. Mukiivuta gari na kamba, magurudumu ya mbele yakiwa chini, na moteri imezimwa. Moteri ikilala, pompe ya mafuta pia inalala. Mafuta haipande. Vyuma vinazunguka vikavu, vinasagana, vinaungua. Kilomita kumi zinatosha. Ndiyo sababu hizi zinabebwa, hazivutwe."

"Na kama ilikuwa inavuja?"

Badala ya kujibu, Jafari alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, akamsogezea puani. Mafuta yalikuwa meusi na yalinuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Lakini yalifika juu, kwenye alama ya mwisho.

"Gari inayovuja haibaki imejaa," alisema.

"Isipokuwa fundi awe ameongeza."

"Nikiongeza mapya yatakuwa mekundu, madamu. Haya yameungua."

Lilikuwa jibu zuri. Hata hivyo Zipora alijua Mkurugenzi angesema fundi ni rafiki wa mteja. Alivua viatu, akatandika gunia, akalala chini ya gari. Kwenye ndoano ya kuvutia palikuwa na mikwaruzo mipya. Alifurahi kwa muda wa pumzi moja, kisha akakumbuka kebo. Kebo ya kupandishia platoni pia hushika ndoano hiyo hiyo. Mikwaruzo ile ilisema gari lilivutwa, lakini haikusema lilivutwa mita tatu au kilomita kumi.

Alitoka chini, akaomba boneti ifunguliwe. Nje, gari lilikuwa safi kuliko magari yote ya Rumonge. Mwoshaji alikuwa amesugua mpaka katikati ya herufi za kibao cha namba, ila mkono wake ulikuwa umeishia hapo. Zipora alikifungua kibao kwa bisibisi, na nyuma yake, kwenye mkunjo wa bampa, alikuta kijiko kizima cha mafuta mekundu. Mengine yalikuwa yametapakaa kwenye mapezi ya rejeta, matone yaliyorushwa kutoka mbele. Na katikati ya grili na rejeta, limenaswa kama ndege kwenye mtego, lilikuwa fundo la jani kavu la mgomba, limesokotwa na kukazwa kwa uzi wa kijani. Mkia wa uzi ule ulikuwa umekatika.

Alilichomoa kwa vidole viwili.

"Dada Kadidja, wewe hubeba mawese?"

"Mie nabeba watu na ndagala. Mawese siyabebake, yanaharibu viti. Na hata ningebeba, ningeyaweka mbele ya taa?"

Swali hilo Zipora aliliandika neno kwa neno. Pua yake ilimwambia kwamba yale ni mawese, ingawa yamechanganyika na vumbi la barabara, lakini pua haiwezi kutia sahihi kwenye ripoti. Alichota mafuta ya nyuma ya kibao kwenye kichupa kimoja cha dawa, akamwomba Jafari mafuta mapya ya giaboksi kwenye kichupa cha pili. Vikiwa vimewekwa pamoja juu ya kiganja chake, vyote viwili vilikuwa vyekundu, na mtu asiyejua angeapa vimetoka chupa moja.

Kigwena hakukuwa na shida ya kupapata mahali penyewe, kwa sababu jiwe la kilomita lilikuwa pale pale kama kwenye picha, na hatua thelathini kutoka barabarani, ndani ya michikichi, kilikuwa kinu cha kukamulia mawese. Mzee mmoja alikuwa akisukuma mti wa kinu kwa kifua. Aliitwa Bernardo. Alivuka mpaka kwenda Tanzania akiwa mgongoni mwa mama yake, akarudi akiwa na mvi, na Zipora aliyakisia hayo kabla hajaambiwa, kwa sababu kofia ya mzee ilikuwa na jina la kwaya ya Kigoma. Zipora mwenyewe alizaliwa huko huko, katika kambi ya wakimbizi.

"Shikamoo, mzee."

Mti wa kinu ulisimama.

"Marahaba," alisema Bernardo, polepole, kama mtu anayeonja. "Marahaba, mwanangu. Hapa wananiambia amahoro, wananiambia bonzuu, na wote ni watu wema. Lakini shikamoo sijaipata tangu Krismasi. Kaa hapo."

Walisalimiana mpaka wakamalizana na kambi, na shule ya kambi, na mwalimu wa hesabu ambaye wote wawili walikuwa wamesikia habari za kiboko chake. Kisha Zipora akauliza.

"Jumanne gari dogo liliharibika hapo barabarani."

"Sikuona kitu."

"Sijakuuliza kama uliona."

Bernardo alirudi kwenye mti wake na kuusukuma kwa bidii ambayo kinu hakikuihitaji. Zipora hakumfuata. Aliyatazama madumu yaliyopangwa kivulini. Kila moja lilikuwa limezibwa kwa jani la mgomba lililosokotwa, na kila kizibo kilikuwa kimefungwa uzi wa kijani, mkia wake umefika mpaka kwenye mshikio.

"Mzee, vizibo vyako ni maridadi. Mbona vyote vya kijani?"

Kuna watu wanaoweza kunyamaza wakiulizwa juu ya wengine, lakini hawawezi kunyamaza wakisifiwa kazi yao.

"Hiyo ni alama," alisema Bernardo, akauacha mti. "Kila mwenye kinu hapa ana uzi wake. Jirani yangu mwekundu. Yule wa bondeni mweupe. Madumu yakichanganyika sokoni Rumonge, mnunuzi hatazami dumu, anatazama uzi. Kijani ni Bernardo, na Bernardo hachanganyi maji. Nautoa kwenye nyavu kuukuu za wavuvi wa Kabonga."

"Na kizibo kikipotea njiani?"

"Hakipotei. Nakifunga mshikioni mafundo mawili. Labda gari liruke shimo vibaya sana, uzi ukatike."

Zipora alifungua kiganja. Bernardo alikitazama kile kizibo, akakichukua, akakigeuza, na uso wake ukafunguka kwa furaha ya mtu aliyekutana na mwanawe mjini.

"Changu hiki."

"Kimetoka ndani ya pua ya lile gari dogo ambalo hukuliona."

Kisha mabega ya Bernardo yakaanza kutikisika, na Zipora akagundua kwamba mzee anacheka.

"Njia ya mwongo fupi," alisema Bernardo akijifuta macho. "Yangu haikufika hata barabarani. Haya. Asmani hunibebea madumu kila akipita huku, maana lori kurudi tupu ni dhambi. Jumanne alikuwa ametoka kufikisha gari Nyanza-Lac, tukampakilia kumi na manne. Lori lilikuwa limeinamia barabara, yakadondoka matone, kama kawaida ya mawese. Hapo simu yake ikalia. Shefu wake akamwambia kuna Probox imekwama Kigwena. Akainua macho, Probox yenyewe hiyo hapo, imesimama mbele yake, matone yamefika chini ya pua yake."

"Na plato imejaa."

"Imejaa. Akalifunga gari nyuma kwa kamba." Bernardo aliacha kucheka. "Mwanangu, nakwambia wewe kwa sababu ya ile shikamoo. Karatasini sisemi. Asmani ni mtu mwema, na ndiye anayenibebea. Usiniombe sahihi."

Zipora hakumwomba. Alijua kwamba bila sahihi maneno yale yangekuwa hadithi tu, na Mkurugenzi hakuwa mpenzi wa hadithi.

"Madumu yote kumi na manne yalifika sokoni?"

"Kumi na matatu. Moja lilimwagika nusu njiani, na nusu dumu haliuziki. Asmani alinipigia kuniomba alichukue, nikamwambia chukua."

"Akalipeleka wapi?"

"Hilo sijui."

Zipora alikuwa analijua. Alikumbuka sahani yake ya asubuhi, na kitambaa cha kitenge, na uzi ulioning'inia, akaanza kucheka peke yake katikati ya michikichi mpaka Bernardo akamuuliza kama ameumwa na siafu.

Saa tisa alasiri alikuwa tena ofisini kwa Ismaili. Alisalimia, akatoa vichupa viwili, akaomba viwekwe kwenye frigo, kule juu panapogandisha. Kimoja alikuwa amekiandika J, kwa Jafari, na cha pili K, kwa kibao. Ismaili alidhani ni dawa, akaviweka kwa heshima kati ya pakiti mbili za samaki. Zipora akasema angependa kumsubiri Asmani, ambaye alikuwa ameenda kuokoa teksi. Wakanywa chai. Ismaili alimweleza alivyoanza kazi na kamba moja na lori la kuazima, na jinsi alivyoapa, siku aliyonunua plato, kwamba gari la mtu halitaburuzwa tena na mkono wake. Alilisema hilo akiwa ameweka mkono kifuani, na Zipora akamwonea huruma mapema.

Asmani alirudi baada ya saa moja na zaidi. Alipomwona Zipora, akatabasamu, ila tabasamu lilichelewa kidogo.

"Mzee," alisema Zipora, "nitolee vile vichupa."

Ismaili alivitoa. Zipora alimwomba avipindue yeye mwenyewe. Kwenye kichupa cha J, mafuta yalitiririka mekundu mpaka kwenye kifuniko. Kwenye kichupa cha K hakikushuka kitu. Kilichokuwamo kilikuwa kimeganda, rangi ya chungwa, kimeshikilia chini ya chupa.

"J ni mafuta ya giaboksi. K yametoka nyuma ya kibao cha namba cha Probox. Mnajua wenyewe ni kitu gani chekundu kinachoganda kwenye baridi."

"Mawese," alisema Ismaili. Mtoto wa Rumonge hawezi kukosea hapo.

"Na yale ya kwenye picha ni hayo hayo."

"Basi yule mama alikuwa anabeba mawese."

"Mbele ya taa?"

Aliyejibu ni Asmani. "Pengine gari ilitupita njiani, ikatumwagia. Malori ya mawese iko mengi ile njia."

"Ulisema Probox ilikuwa platoni."

"Ndiyo."

"Platoni, mbele ya Probox kuna kabini ya lori lako, ukuta wa chuma kutoka chini mpaka juu. Gari la mbele lingekumwagia wewe kwenye kioo, Asmani. Yangeifikiaje rejeta yake?"

Ismaili alimtazama dereva wake, kisha akavitazama vichupa, kisha akamtazama tena, kama mtu anayesoma barua ndefu.

"Mzee," alisema Zipora kwa upole, "naomba tena kidogo ya yale maharage."

Ombi lilikuwa la ajabu, lakini adabu ni adabu. Ismaili aliinama, akavuta dumu kutoka chini ya frigo. Alipotaka kuchomoa kitambaa, Zipora alimzuia mkono.

"Zawadi hii ulipewa na nani?"

Ismaili aligeuza macho kwa Asmani. Alikuwa ameshaanza kuelewa. Zipora alitoa kitambaa mwenyewe, akafungua mkoba, akatoa kizibo cha jani la mgomba, akakizungusha kwenye mdomo wa dumu. Kikaingia na kukaa kana kwamba hakijawahi kutoka. Kisha akashika mkia wa uzi wa kizibo na kipande kilichoning'inia mshikioni, akavisogeza karibu. Kijani kwa kijani, na nyuzi zilizochakaa za upande mmoja zilipokelewa na za upande wa pili.

"Kizibo hiki nimekitoa leo asubuhi ndani ya grili ya Probox," alisema, "mbele ya mwenye gari na fundi wake. Kiliruka kutoka kwenye dumu hili. Dumu lilikuwa juu ya plato, na gari lilikuwa nyuma."

Ismaili alivua baraghashia yake, akaiweka mezani.

"Asmani," alisema Ismaili hatimaye.

"Ndiyo, shefu."

"Siku mbili nakula ushahidi na maharage."

Asmani alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka, na kicheko kikamgeukia njiani kikawa kama kilio. "Bido kumi na nne, shefu. Zilikuwa zimepakiwa wakati umenipigia. Ningezishusha barabarani? Nilisema ni kilomita kumi tu, pole pole. Na nilifikiri iko ya manueli, kama teksi zote. Jafari aliposema bwate imekufa, nikaogopa. Nikaangalia simu, nikaona ile picha ina wekundu. Nikasema, Mungu amenisaidia."

"Mungu alikuwa anakuonyesha," alisema Ismaili, "wewe ukafikiri anakuficha."

Zipora alitoa fomu, akaiweka mezani, akatia alama kwenye kisanduku cha pili. Ismaili aliitazama kalamu.

"Asuransi yenu itakubali? Ilikuwa kamba."

"Mkataba unasema gari likiharibika mikononi mwenu, linatengenezwa. Haukutaja kamba wala plato. Mkurugenzi atanuna mpaka Jumatatu, halafu atasahau. Tia sahihi hapa, mzee, kwamba umekubali."

Ismaili alitia sahihi. Asmani, bila kuambiwa, alitia ya kwake chini yake, na hiyo ndiyo sahihi ambayo Bernardo alikuwa amekataa kuitoa.

Giaboksi nyingine ilikuwa Bujumbura, na Ismaili hakutaka Probox ilale Rumonge hata usiku mmoja zaidi. Jua lilikuwa bado juu ya ziwa wakati lori liliporudi nyuma mpaka mlangoni pa gereji ya Jafari. Kadidja aliinuka kwenye tairi lake. Zipora alimwonyesha fomu, akamwekea kidole kwenye alama. Kadidja aliisoma, akamrudishia, akamkumbatia mpaka daftari likaanguka.

"Murakoze," alishukuru ndani ya bega la Zipora, "murakoze cane."

Ismaili alikuwa amesimama mbele ya lori akiwa na ndoo ya maji na kipande cha msasa. Alimpa Asmani vyote viwili.

"Futa yale maneno," alisema. "Mpaka siku gari ya huyu mama itatembea, hatuna haki nayo."

Asmani alipanda kwenye bampa. Alikuwa ameshaanza kusugua herufi ya kwanza pale Kadidja alipofika. Sauti yake ilikuwa imerudi, na ng'ambo ya ziwa lazima waliisikia.

"Wewe, shuka. Kufuta ni rahisi. Uyaache pale, uyafanye."

Asmani alishuka. Alishusha plato, akaivuta Probox kwa kebo mpaka juu, akafunga minyororo mara mbili, kila gurudumu. Kadidja alimsubiri amalize, kisha akakunja kitenge chake na kupanda platoni mwenyewe. Alizunguka gari lake kona zote nne, akachungulia chini yake, akachungulia nyuma ya kabini, akainama na kunusa mbao. Hapakuwa na dumu hata moja.

"Sasa twende," alisema, akashuka na kwenda kuketi mbele, katikati ya Ismaili na Asmani, dirisha la nyuma likiwa wazi ili aweze kuliona gari lake njia nzima.